Kwato za Saa Saba Mchana

Haya hayakutokea hapa. Yalitokea nchi nyingine, mbali kidogo, na jina la nchi hiyo halitajwi kwa sababu bado liko kamatini linatafutiwa jingine lililo tulivu zaidi. Msomaji akiona humu mtu aliyefanana na mtu anayemjua, asihangaike. Binadamu hufanana.

Katika nchi hiyo alikuwepo mwanamke aitwaye Sikudhani binti Feruzi, karani msaidizi wa daraja la tatu katika Wizara ya Utulivu na Wanyama. Alikuwa na miaka thelathini na minane, kiti kisicho na mikono, na ufunguo wa chumba cha mafaili ya zamani, aliopewa kwa sababu hakuna mwingine aliyeutaka. Aliishi na mama yake, Bi Tausi, mtaa wa nyuma ya soko la mkaa. Na kila siku ya Mungu, ikifika saa saba mchana, Sikudhani alisikia kwato.

Si yeye peke yake, mji mzima ulizisikia. Punda tisa, ukihesabu vizuri, wakitokea upande wa machimbo ya mawe, wakifuata barabara kuu, wakipanda mpaka lango la Wizara na kusimama hapo kama robo saa. Kisha kwato zikarudi zilikotoka. Ukichungulia dirishani huoni punda wala kivuli chake, ila kwenye ngazi za Wizara pamebaki kinyesi kibichi kinachofuka moshi. Serikali ya nchi ile haikuwa ya kulala. Ilitoa waraka kwamba kwato hizo hazisikiki, ikagawa radio kila ofisi zifunguliwe kwa sauti ya juu ifikapo saa saba kasoro dakika mbili, na ikaajiri mzee mmoja wa kufagia ngazi, cheo chake Afisa Usafi wa Vitu Visivyokuwepo. Alikuwa mchapakazi, maskini, na alivaa tai.

Kwato zile zilikuwa na wenyewe. Miaka sita nyuma, ulipokuwa ukijengwa Mnara wa Utulivu, punda walibebeshwa mawe tangu alfajiri mpaka magharibi, migongo imechunika unaona mfupa. Kaka yake Sikudhani, Chande Feruzi, mtu wa chupa ya mafuta ya mwarobaini ya kuwapaka punda vidonda, na kitambaa begani, alikuwa na wenzake wanane: mkunga mmoja, mwalimu wa madrasa mmoja, wauza maji, watu wa kawaida tu. Waliandikisha chama chao, Chama cha Kuwahurumia Punda. Siku moja wakawaongoza punda tisa mpaka lango la Wizara. Hawakubeba bango, hawakuimba. Walisimama kimya wakingoja mtu atoke aitazame ile migongo. Watu walitoka. Jioni punda walirudi mtaani peke yao, matandiko matupu, na mwaka haukuisha nao wakafa mmoja mmoja.

Serikali ilisema wale tisa wametulia. Hawakufa, hawakufungwa, hawakusafiri, wametulia. Majina yao yakafutwa kwenye kila daftari ili wasisumbuliwe. Sasa mtu aliyetulia hana hati ya kifo, na pasipo hati ya kifo hakuna ruhusa ya kuweka matanga, maana matanga hukusanya watu, na watu wakikusanyika huongea. Basi Bi Tausi hakumlilia mwanawe. Kila mchana alipakua sahani ya Chande, akaifunika kawa, akaiweka mkekani pale Chande alipozoea kukaa. Jioni aliwamwagia kuku. Miaka sita hiyo. Moyo ulikuwa umemvimba na miguu pia, na duniani alikuwa amebakiwa na ombi moja, mwanawe asomewe khitma kabla yeye hajafukiwa.

"Nisije nikafika huko nikamkuta," alikuwa akisema, "halafu nimwulize, wewe mwanangu umekuja lini?"

*

Kabla ya kwenda mbele lazima ieleweke Sheria ya Kuita, kwani nchi ile ilijivunia sheria hiyo kuliko mnara wake. Ilitungwa kuwamaliza wafanyakazi hewa. Kila Jumatatu asubuhi Mzee Machano, Mwita Majina Mkuu, alisimama uani na daftari lake na kuita kila mtumishi. Jina huitwa mara tatu. Asiyeitika mara ya tatu ni marehemu, na hati ya kifo hugongwa muhuri wa kijani papo hapo. Hakuna rufaa. Tena anayekatiza kuita katikati, hata awe nani, jina lake mwenyewe hufuata kuitwa.

Mtunza stoo mmoja aliyekuwa na tumbo la kuendesha aliwahi kukimbilia chooni jina lake lilipokaribia. Aliporudi akifunga mkanda alikuta ameshafariki. Alilalamika kidogo, kisha akaona afadhali atii. Mkewe alikaa eda nyumba moja naye, yeye mwenyewe akasaidia kupanga viti vya matanga, na chakula cha siku ya tatu alikisifu sana. Mzee Machano hakuwa mbaya. Mkono wake tu ulikuwa umezoea miaka thelathini: akiita mara tatu, pakawa kimya, mkono uliandika wenyewe.

Sikudhani alikuwa ameiwaza sheria hiyo usiku na mchana. Kama Chande angeitwa tu mahali penye daftari, angekufa kihalali, na mama angeweka matanga. Lakini nani amwite mtu ambaye jina lake limefutwa?

*

Ikawa Mlezi wa Vyote, ndiye mkuu wa nchi ile, amerudi kutoka ziara ya ng'ambo akiwa na huzuni. Huko alikuta kila kiongozi ana chama chake cha kuhurumia wanyama anachokiunga mkono. Huyu ana cha mbuni, yule ana cha mbwa vipofu, na yeye walipomwuliza alibaki kukohoa. Akahutubia taifa kwa saa mbili na nusu. Alisema taifa lisilo na mnyama wa kumhurumia ni sawa na nyumba isiyo na mgeni. Akaagiza kichaguliwe chama kimoja cha wanyama kiungwe mkono na kila raia, apende asipende, mradi kiwe cha amani. "Kwa maana huruma isiyo na utulivu," alisema Mlezi, "ni fujo yenye mkia."

Watu walipiga makofi mpaka walinzi waliporuhusu waache.

Kazi ikaangukia Kamati ya Kutafuta Chama cha Amani, mwenyekiti wake Katibu Mkuu, Dakta Mwinyipembe Salanga. Huyu alikuwa masomoni ng'ambo miaka minane na amerejea juzijuzi, akiwa na shahada mbili za ukimya. Sikudhani aliwekwa pembeni mwa meza aandike kumbukumbu. Kamati ilitunga Fomu ya Amani yenye maswali arobaini. Je, chama kimewahi kuuliza swali? Kama ndiyo, kwa sauti ya kimo gani? Je, wanachama wamewahi kutazama upande mmoja kwa wakati mmoja? Taja mnyama mnayemhurumia, na ueleze kama mnyama huyo ana kawaida ya kulia.

Walikuja kwanza Marafiki wa Paka, watu wapole, viatu wameviacha mlangoni. Ikaletwa chai ya tangawizi, na katibu wao akasema hapana, asante, tangawizi inamchoma kooni. Kamati ikaandika kwamba chama kina historia ya kukataa. Wakafuata Walinzi wa Kasa, waliokiri kwamba hutembea ufukweni na tochi kutafuta mayai. Mjumbe mmoja akauliza wanamtafuta nani hasa. Wakajibu, mayai. Wakaombwa wafikirie jibu hilo wakiwa nje. Siku ya tatu akaja mke wa Waziri na Umoja wa Kuku Wenye Staha, na kila mjumbe akasimama, kwani ilikuwa wazi kwamba mshindi ndiye huyu. Bahati mbaya makamu wake alikuwa mke wa Waziri mwingine. Palipoulizwa nani ni mwenyekiti, wakajibu wote wawili. Viti vitano vilivunjika na kilemba kimoja kikapatikana juu ya feni.

Dakta Mwinyipembe alikata tamaa. Wiki ilibaki moja. Akamtuma Sikudhani chumba cha mafaili akatafute chama chochote, hata cha zamani, chenye rekodi safi.

Chumba kile kilikuwa chini ya ngazi. Sikudhani alikuwa ameshika mafaili ya nyuki na ya njiwa ilipofika saa saba, radio zikapaa juu huko ofisini. Kwato zikaja, zikasimama juu ya kichwa chake hasa, na ndani ya chumba kile kisicho na dirisha akasikia harufu ya mafuta ya mwarobaini. Akaifuata ile harufu mpaka kona ya nyuma, akakuta faili jembamba limenasa unywele wa kijivu wa punda. Chama cha Kuwahurumia Punda. Hakikuwa kimefutwa. Kufuta chama kulitaka saini za wanachama, na kuzitafuta saini kungekuwa kuwatafuta wenyewe, basi kila afisa alilirudisha faili alipolitoa na kunawa mikono. Ndani yake mlikuwa na orodha ya watu tisa kwa mwandiko wa Chande, ule wa kulalia kushoto. Sikudhani alikaa sakafuni akalia, kimya, kama inavyotakiwa serikalini.

Kisha akafuta macho. Alikumbuka kwamba chama kinachoungwa mkono na taifa lazima wanachama wake waitwe hadharani jina kwa jina, kisije kikawa chama hewa. Akalipanguza faili kwa upindo wa khanga, akalipeleka mezani, akaliweka juu ya mengine.

Dakta Mwinyipembe aliufungua ukurasa wa malalamiko, akaukuta mweupe. Wa mikutano, mweupe. Miaka sita hakuna barua, hakuna swali, hakuna hata kikao cha chai. Macho yakamng'aa. Aliwaambia wajumbe kwamba katika maisha yake ya kisomi hajapata kuona utulivu uliokomaa hivi. Wajumbe walitazama meza. Wote walijua, lakini kuwajua wale tisa lilikuwa kosa, na kumweleza Katibu Mkuu lazima kwanza uwe umejua. Mmoja alijifunga kamba za viatu ambavyo havikuwa na kamba. Kura ikapita kwa sauti moja, yaani bila sauti. Jioni ile ile Mlezi alitia saini, na radio ikatangaza kwamba taifa limempata mnyama wake.

*

Siku mbili kabla ya sherehe alikuja Wizarani mtu wa miwani myeusi, akamnong'oneza Dakta Mwinyipembe sikioni kwa dakika kumi. Alipoondoka, Katibu Mkuu alikuwa amebadilika rangi. Akamwita Sikudhani, akafunga mlango, akafungua radio ingawa ilikuwa saa nne tu.

Hakumgombeza. Alimkaribisha kiti, tena chenye mikono. Alieleza kwamba kughairi haiwezekani, kwa kuwa Mlezi hakosei. Watu wanane wa idara wameshapangwa kuitika kwa majina ya wanachama. Dereva ataitika kwa mkunga, mpishi kwa mwalimu wa madrasa, na kadhalika. Hakuna atakayekufa. Amebaki mmoja tu, mwenyekiti.

"Damu ni moja, Bi Sikudhani," alisema. "Wewe utamwitikia kaka yako. Neno moja tu, nipo. Ukitoka uwanjani utakuwa karani wa daraja la pili, na kiti hicho ulichokalia ni chako."

Sikudhani aliuliza, kwa sauti ya kimo kinachoruhusiwa, kama asipoitika itakuwaje. Dakta akatabasamu kwa masikitiko, akasema utulivu wake unajulikana, na kwamba Jumatatu ya kuitwa majina si mbali.

Alifika nyumbani mchana, mama amekaa mkekani kando ya sahani iliyofunikwa. Akamweleza yote bila kuficha, la kiti na la Jumatatu. Bi Tausi alisikiliza huku akisugua magoti. Huko barabarani kwato zikapita.

"Chande nilimfundisha kuitika mimi," alisema mwishowe. "Alikuwa mdogo hivi. Nikimwita mara moja tu, naam mama, hata awe juu ya mti. Miaka sita namwita, mwanangu. Mtu wa kumwitikia Chande ni Chande." Kisha akamshika binti yake mkono. "Lakini na wewe ni wangu. Sina mwingine. Sikwambii fanya, sikwambii usifanye."

Walikaa hivyo mpaka chakula kikapoa. Sikudhani alikuwa anaogopa, na hakuona haya kuogopa.

*

Sherehe ilipangwa saa tatu asubuhi. Mlezi alifika saa saba kasoro, kwa sababu mkubwa akiwahi huonekana hana kazi. Uwanja ulijaa, wanafunzi walikuwa wameshazimia kwa zamu, na vipaza sauti viliunganishwa na radio zote za nchi. Kwa mapenzi yake kwa wanyama Mlezi aliamua kuita majina yeye mwenyewe, akalinyakua daftari, akamwachia Mzee Machano kalamu na muhuri tu. Waitikaji tisa walisimamishwa mstari mmoja. Sikudhani alikuwa wa kwanza, na nyuma yake kabisa alisimama Dakta Mwinyipembe, pumzi yake inamfikia shingoni.

"Chande Feruzi, Mwenyekiti," Mlezi aliita.

Neno lilikuwa mdomoni mwa Sikudhani. Nipo. Lilikuwa dogo, lingetoka bila shida, na maisha yangeendelea yalivyokuwa: sahani, kawa, kuku. Aliuma ulimi. Uwanja ulikuwa kimya, na kimya hicho Mlezi alikipenda, akatabasamu, akaita tena. Dakta alimfinya kiunoni kwa kucha. Sikudhani aliwaza mama yake anasikiliza radio kule kwenye mkeka, anangoja kusikia nani atajifanya mwanawe.

Hapo saa saba ikafika. Na kwa kuwa kila radio ya nchi ilikuwa imefunguliwa kwenye sherehe ile ile, hakukuwa na wimbo wa kuzifunika. Kwato ziliingia uwanjani kupitia lango la mashariki, taratibu, watu wakipisha njia bila kuamrishwa. Vumbi likainuka nyayo kwa nyayo. Zikaja mpaka mbele ya mstari, zikasimama.

"Chande Feruzi," Mlezi aliita mara ya tatu, na sauti yake haikuwa ile ya kwanza.

Sikudhani hakuitika. Pua ya mnyama, yenye joto na unyevu, ilimgusa kiganjani mahali pasipokuwa na mnyama. Na pale mezani mkono wa Mzee Machano, uliozoea, ukaandika wenyewe. Muhuri wa kijani ukagonga, na kishindo chake kilisikika hewani nchi nzima.

Mlezi akaita la pili, jina la mkunga. Dereva aliyepangwa kuitika alifungua mdomo, akahisi pumzi ya nyasi nyuma ya sikio lake, akafunga mdomo. Huyu dereva alizaliwa mikononi mwa mkunga huyo huyo, na machozi yalikuwa yanamtiririka. Mara tatu. Muhuri. La tatu, mpishi akainamisha kichwa. Dakta Mwinyipembe alipiga hatua mbili kwenda jukwaani asimamishe shughuli, akakumbuka kwamba anayekatiza kuita huitwa yeye, akarudi hatua mbili. Mlezi naye alikuwa amenaswa na sheria aliyoitunga mwenyewe. Hakuweza kuacha. Aliita majina tisa, mara tatu tatu, mara ishirini na saba, jasho linadondokea daftari, na kila mara palikuwa na utulivu ambao hata yeye hajawahi kuuamrisha.

Alipomaliza alifunga daftari, akatafuta la kusema. "Naam," alisema. "Hiki ndicho chama cha amani." Akainyoosha hati ya heshima mbele yake, na kwa kuwa hapakuwa na wa kuipokea, mikono ikachoka, upepo ukaichukua, Sikudhani akaiokota.

*

Siku ile ile Bi Tausi aliweka matanga. Alikuwa na hati yenye muhuri wa kijani, nani amzuie? Watu walikuja mpaka mikeka ikatandikwa njiani. Wanawake waliolimbikiza kilio miaka sita walikitoa chote, na mtu wa miwani aliyetumwa kuandika wanaongea nini aliandika tu kwamba wanalia. Khitma ikasomwa. Bi Tausi alilia mpaka sauti ikakauka, kisha akasema moyo wake umepungua uzito, akaomba maji.

Kesho yake saa saba kwato zilikuja, ila hazikwenda Wizarani. Zilisimama mlangoni kwa Bi Tausi, muda wa mtu kusema buriani, zikaondoka. Siku iliyofuata hazikuja. Wala ya tatu. Kimya kile kiliwatisha wakubwa kuliko kelele zote. Radio ziliendelea kufunguliwa kwa mazoea, na Afisa Usafi alisimama kwenye ngazi safi na ufagio wake, tai shingoni, hajui afanye nini. Bi Tausi aliiosha sahani ya Chande, akaipanga kabatini pamoja na zingine.

Jumatatu Sikudhani alikwenda kazini. Alijua kinachomngoja, lakini asipokwenda ndiyo kabisa. Alisimama uani mahali pake, na Mzee Machano akafika kwenye jina lake bila kumtazama.

"Sikudhani binti Feruzi."

"Nipo," alisema.

Dakta Mwinyipembe alikuwa amesimama kando ya mzee. Akaligeukia lile kundi la watumishi, akauliza kwa upole kama kuna aliyesikia kitu. Watu wale walikuwa na mazoezi ya miaka sita ya kutosikia. Hakuna aliyesikia. Mtu mmoja akafungua radio.

Jina likaitwa mara ya pili. Sikudhani alisema nipo kwa nguvu, njiwa wakaruka kwenye paa. Mara ya tatu alimsogelea Mzee Machano karibu kabisa, akamwambia usoni, kama mtoto anavyomwambia babu yake, "Mzee wangu, nipo hapa."

Macho ya mzee yalijaa maji. Mkono ukaandika.

Alipewa hati yake mkononi, wino haujakauka, na mwenzake mmoja akampa pole ya msiba. Alitoka langoni akiwa marehemu. Jua lilikuwa linawaka vilevile, muuza kashata akamsalimia. Alisimama akajipapasa mikono, akasubiri woga uje, ule woga aliokuwa akiamka nao na kulala nao. Haukuja. Nani atamwita tena? Nani atamfukuza kazi, atamfuta daftarini? Kwenye mkoba alikuwa na hati mbili, ya kifo chake, na ile ya heshima yenye saini ya Mlezi, inayosema chama cha punda ni cha amani na kila raia wa nchi anaamriwa kukiunga mkono.

Alikwenda machimboni. Huko ulikuwa umeanzishwa Mnara wa Pili wa Utulivu, na punda walikuwa wanapanda na mawe, migongo ile ile, mfupa ule ule. Akaisoma hati kwa sauti. Wachukuzi walisikiliza. Wengine waliondoka haraka, wengine wakatazama chini, na mmoja akaanza kufungua kamba za tandiko la punda wake bila kusema neno.

Nyumbani, Bi Tausi alikuwa ameshaambiwa na majirani. Alipika kama kawaida. Ilipokaribia saa saba alisikia kwato kwa mbali, akadhani ni masikio ya uzee, akajikokota mpaka kibarazani. Zilikuwa zinatoka machimboni, zikifuata barabara kuu. Majirani walitoka mlango kwa mlango, na safari hii hakuna aliyejifanya hasikii, maana punda walikuwa wanaonekana, na mbele yao alikuwa Sikudhani na kitambaa begani, chupa ya mafuta mkononi. Aligeuza uso upande wa nyumba yao mara moja, akaendelea kupanda. Kule juu radio za Wizara zilikuwa zimefunguliwa mpaka mwisho.

Bi Tausi aliingia ndani, akatoa sahani kabatini, akapakua, akaifunika kawa. Kisha akarudi kukaa kibarazani, akasikiliza kwato zikipanda, zikasimama langoni.

Akaanza kuzingoja zirudi.